Kiti ni Plagi: Ng'oeni, Lakini Msichomelee

Wiki hii tuziache tarakilishi zipoe kidogo, tuongee juu ya magari. Wasiopenda magari msikimbie. Mtaona ni yale yale tunayobishania kila mara: kipande hiki kinakutana wapi na kile, na nani aliamua vikutane hivyo.

Siku hizi wanaopenda safari ndefu za nyikani wameongezeka. Nazungumzia wale wanaotoka Nairobi na Prado au Land Cruiser, wakapita Maralal, wakateremka South Horr hadi Loiyangalani, wakazunguka North Horr na Kalacha kando ya jangwa la Chalbi, kisha wakarudi kupitia Marsabit, na njia nzima wanakula na kulala kwenye gari lao. Ni kweli barabara zimebadilika. Lami imefika Moyale, na ile barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa ili malori yapeleke mitambo 365 ya umeme wa upepo kule karibu na Ziwa Turkana. Lakini ukitoka kwenye njia hizo, bado unabeba maji yako, mafuta yako na gurudumu lako la pili la akiba, kwa sababu hakuna atakayekuletea.

Hesabu ya haraka. Mitungi minne ya dizeli ya lita 20 ni kilo 67 hivi, bila uzito wa mitungi yenyewe. Mitungi mitatu ya maji ni kilo 60. Friji ya lita 40 ikijaa nyama na soda, kilo 40 hivi. Ongeza gurudumu, jeki, spana, sepetu, jiko, chakula cha wiki, na kile kisanduku cha dawa ambacho hakuna anayekifungua hadi siku mbaya. Kilo 250 zimepita bila jasho. Sasa linganisha: wahandisi wa magari hukadiria mtu mmoja kuwa kilo 75. Watu watatu wa kiti cha nyuma ni kilo 225, na kiti chenyewe juu yake. Kumbe gari halijazidiwa hata kidogo! Mzigo umekalia mahali pa watu, basi. Na uko chini, karibu na sakafu, si kwenye keria juu ya paa ambako kila kilo inalikaribisha gari kulala ubavu kwenye kona ya changarawe.

Kwa hiyo watu wanang'oa viti vya nyuma na kuweka jukwaa la mizigo. Sawa kabisa, naunga mkono kwa mikono miwili. Ninachopinga ni jinsi kazi hiyo inavyofanywa katika gereji nyingi. Fundi anakuja na angle line na mashine ya kuchomelea, anaunganisha fremu moja kwa moja na sakafu ya gari, anapigilia bodi juu, anaweka zulia zuri la kijivu, unapigwa picha, umelipa. Au hachomelei, anatoboa sakafu kwa drili mahali popote panapompendeza na kukaza bolti na washa ndogo. Au, na hii ndiyo inayopendwa na wenye haraka, hakuna fremu kabisa: masanduku yanapangwa kwenye sakafu tupu na kufungwa kwa mikanda ya kukazia mizigo, ile ya rangi ya machungwa ya dukani.

Kwa mwandishi wa programu, kuchomelea ni sawa na kuandika nambari ya siri ya hifadhidata katikati ya programu yako badala ya kuiweka kwenye faili la mipangilio. Inafanya kazi leo. Inafanya kazi vizuri sana leo. Halafu mwezi ujao shemeji yako anaoa, unatakiwa kubeba mashangazi watatu hadi Machakos, na gari halina viti wala mahali pa kuvirudishia.

Lakini usumbufu wa mashangazi ni jambo dogo. La kweli ni hili lifuatalo.

Kiti cha nyuma hakikuwekwa kwa ajili ya makalio peke yake. Ule mgongo wake ni ukuta kati ya mizigo ya kwenye buti na vichwa vya watu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 17, inayohusu uimara wa viti vya magari, ina jaribio lake maalumu kwa jambo hili: vipande viwili vya mzigo, kila kimoja kilo 18, vinawekwa nyuma ya kiti, kisha gari linasimamishwa ghafla kana kwamba limegonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Mgongo wa kiti unatakiwa kuvizuia. Kilo 36 tu! Wewe umeng'oa ukuta huo, na mahali pake umeweka kilo 250.

Tufanye hesabu ya kidato cha tatu. Friji ya kilo 40 ikiwa kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa ina nguvu sawa na friji iliyoangushwa kutoka kimo cha mita 10. Kwa kilomita 80 kwa saa, kimo kinafika mita 25, yaani paa la jengo la ghorofa saba au nane. Ukigonga ngamia au lori lililoharibika bila taa, gari linasimama, friji haina habari. Ikiwa kusimama huko ni kwa kasi mara 20 ya mvutano wa dunia, kitu kinachoishikilia friji hiyo lazima kivumilie nguvu sawa na uzito wa kilo 800. Hiyo ni friji peke yake. Mitungi ya maji bado.

Mkanda wa dukani hautoshi kuwa jibu pekee, hata kama umeandikwa tani ngapi. Kwanza, unafungwa kwenye nini? Mara nyingi ni kile kipete chembamba cha kuzuia mifuko ya ununuzi isitambae. Pili, barabara zetu za kaskazini zina mawimbi kama mabati, gari linatetemeka saa tano mfululizo, masanduku yanajipanga upya, na mkanda uliokazwa Isiolo unaning'inia kabla ya jioni. Wanaosafiri wanajua, ndiyo maana kila wakisimama wanakaza tena. Lakini kitu kinachokuhitaji ukumbuke kila saa ndipo ubaki hai kimeundwa vibaya, na hapo sitabishana na mtu.

Sasa njoo kwenye dawa. Ng'oa kiti taratibu uangalie kilichobaki. Utaona matundu manne, au sita, yenye nati zilizoshikizwa kwa chini na kiwanda, na kuzunguka kila tundu chuma kimeongezwa unene. Hiyo si ajali. Mtengenezaji alijua kwamba mtu mzima na kiti chake watavuta hapo siku ya ajali, akapaimarisha. Mahali pengine pote sakafu ya gari ni bati linalokaribia milimita moja tu. Bolti ya milimita 10 yenye alama 8.8 kichwani inavumilia zaidi ya tani tatu za kuvutwa kabla haijaanza kurefuka, kwa hiyo bolti nzuri si tatizo kamwe. Bati ndilo tatizo. Litararuka kuzunguka washa yako ndogo kama kifungo kinavyong'oka kwenye shati kuukuu.

Matundu yale, basi, ndiyo kiolesura. Yako tayari, yamepimwa, yamejaribiwa, na hukulipa kitu cha ziada. Jukwaa lako la mizigo lifanye kile ambacho kiti kilikuwa kikifanya: lisimame kwa miguu yake mahali pale pale, kwa bolti za saizi ile ile, likishindwa na spana moja kulitoa. Gari lenyewe halihitaji kujua kama limebeba kiti au sanduku, kama vile tundu la USB lisivyojali umechomeka kipanya au kibodi.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Katika miaka ya 1960 Boeing waliuza ndege ya 727 ya aina ya QC ambayo viti vyake vilifungwa juu ya majukwaa yenye kuteleza, mchana inabeba abiria, usiku viti vinasukumwa nje kupitia mlango mkubwa wa ubavuni na mizigo inaingia. Hata ndege ya kawaida unayopanda leo, viti vyake vimeshikwa na reli za sakafuni zenye matundu yaliyopangwa kila baada ya inchi moja, na shirika likitaka kubana safu mbili zaidi (wanataka kila siku) halichomelei kitu. Reli za mtindo huo huo zinauzwa kwa wenye magari, na ukizifunga juu ya jukwaa lako unaweza kuhamisha pete za kufungia popote. Mwaka 1984 Wafaransa walitoa Renault Espace ambayo viti vyake vya nyuma vilitoka kimoja kimoja. Na kile kiti cha mtoto kinachoingia kwa kubofya kinafuata kiwango cha ISO 13216 cha mwaka 1999: vipini viwili vya chuma, milimita 280 kutoka kimoja hadi kingine, katika Toyota au Volvo ni vile vile. Watengenezaji wanaochukiana walikaa mezani wakakubaliana juu ya milimita 280. Kwa matundu ya viti vya kawaida hawakukubaliana, kwa hiyo jukwaa la Prado halitaingia kwenye Pajero, na lazima upime mwenyewe.

Kupima si kazi ngumu. Chukua kadibodi ya katoni, ilaze sakafuni, toboa kwa bisibisi juu ya kila tundu, umempa fundi ramani isiyodanganya. Miguu ya fremu iwe na bamba la chuma la milimita 5, na fremu yenyewe ya paipu za mraba. Vijana wa Kariobangi wataikata na kuichomelea kwa muda mfupi, na hapa nasema wachomelee wapendavyo, mradi wanachomelea fremu kwa fremu, si fremu kwa gari. Juu yake weka plaiwudi ya milimita 12. Ile bodi nene ya milimita 18 ya wajenzi inavutia kwa ugumu wake, lakini shiti moja nzima inapita kilo 30, na sisi hatujengi daraja. Tumia nati zenye nailoni ndani au washa za springi, maana mtetemo ule ule unaolegeza mikanda unalegeza bolti pia, na uzikague kwa spana kila jioni ya siku mbili za kwanza.

Zile sehemu zinazoshika mikanda ya usalama zitumie pia kama pete za kufungia mzigo. Mikanda hiyo ikipimwa kwa kanuni ya 14 ya Umoja wa Mataifa, nanga zake huvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani moja kwa kila sehemu ya mkanda, kwa hiyo ni mahali pa kuaminika kuliko vipete vyote vya buti. Tahadhari moja: katika magari mengi bolti za mikanda si za milimita. Ni za inchi, saba ya kumi na sita, zenye uzi mwembamba. Ukilazimisha bolti ya milimita 11 au 12 humo utaharibu uzi, na huo uzi ndio unaomshika mtoto wako siku kiti kitakaporudi.

Na ule ukuta uliong'oka lazima urudi kwa sura nyingine. Mzigo usipite kimo cha mgongo wa kiti cha mbele, au kama utapita, pawe na wavu wa chuma uliofungwa kwenye fremu na kwenye nguzo za gari. Petroli isikae ndani ya gari wanamokaa watu hata kidogo, iende nje. Dizeli nina uvumilivu nayo kidogo, ikiwa mitungi ni ya chuma na vifuniko vyake ni vizima.

Wenye Land Cruiser ile ndefu ya mfululizo wa 70, yenye viti virefu vinavyotazamana nyuma, kazi yao ni nyepesi na sina la kuwaambia. Wenye Prado ya 120 wanaweza kuanza na viti vidogo vya safu ya tatu vinavyokunjwa ubavuni. Vitoeni, hakuna atakayevililia.

Kuna kundi jingine linalong'oa kiti cha mbele cha abiria, hasa wanaosafiri peke yao na wanaotaka kitanda kirefu. Hapa tunarudi kwenye tarakilishi, kwani gari la kisasa ni tarakilishi yenye magurudumu. Chini ya kiti hicho utakuta waya zenye plagi ya njano. Hiyo ni mifuko ya hewa na vikaza mikanda. Usiiguse kabla ya kutoa waya wa betri na kusubiri. Miongozo ya Toyota husema sekunde 90, mimi husubiri dakika tano na kunywa chai. Ukishachomoa, tarakilishi ya mifuko ya hewa inagundua kwamba saketi imekatika na kuwasha taa kwenye dashibodi. Taa haizimiki. Kwenye mtandao utauziwa kidude cha shilingi chache, rezista ya ohm mbili hivi, cha kuchomeka pale ili tarakilishi idhani mfuko bado upo.

Ndugu zangu waandishi wa programu mnakijua kidude hicho. Ni yule mtu anayekamata hitilafu na kuitupa kimya kimya ili programu isilalamike mbele ya mteja. Taa ile ina kazi ya kusema habari nyingine pia, na siku mfuko wa dereva utakapopata kasoro ya kweli, hutatofautisha. Kwa maoni yangu kiti cha mbele kibaki. Kama ni lazima kitoke, kitoke kwenye gari la zamani lisilo na plagi ya njano.

Sasa jambo ambalo picha nzuri za magari ya safari hazionyeshi. Picha hizo hutoka sana Australia na Marekani, ambako mtu anaweza kuendesha siku nzima jangwani asikutane na mtu. Kaskazini mwa Kenya si patupu. Pana watu, na watu hao wanatembea. Ukisimama North Horr kununua chai utaombwa lifti na mwalimu anayerudi shuleni, na mara moja moja utaombwa na mama mwenye mtoto anayechemka homa, na zahanati iko kilomita 60. Hutakataa. Hakuna anayekataa. Basi mama huyo atakaa wapi? Juu ya jukwaa lako la plaiwudi, kati ya friji na mtungi wa dizeli, bila mkanda, mtoto mapajani. Yaani umemweka pale ambapo hesabu yetu ya mita 10 inafanyika.

Tunaokumbuka mwaka 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza na kila matatu ikatakiwa kuwa na mikanda, tunakumbuka pia kwamba mkanda ni imara kadiri ya kiti unaposhika, na kiti ni imara kadiri ya sakafu. Sanduku halina hata hicho. Kwa hiyo ushauri wangu, na najua wenye kupenda vitanda vipana watanuna: usitoe safu yote. Viti vya nyuma vya magari haya vimegawanywa vipande viwili kwa makusudi. Toa kimoja, weka jukwaa. Acha kile cha upande wa kushoto, kwa kuwa kwetu abiria hushuka kushoto, mbali na lori linalopita. Mkanda wake uchomoe mara kwa mara uone kama bado unarudi, vumbi la Chalbi halina huruma.

Na jukwaa likiwa la bolti, ukipatwa na dharura ya watu watatu unaweza kulitoa hapo hapo, ukaacha sanduku na friji kwa chifu, ukarudi kuvichukua kesho. Kwa fremu iliyochomelewa huwezi.

Upande wa karatasi sitakaa sana. Kitabu cha gari kina mahali palipoandikwa idadi ya abiria, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hutoza gari getini kwa kufuata idadi ya viti. Gari linaloweza kurudi kuwa lile lililoandikwa kwenye kitabu halina maelezo marefu ya kutoa kwa mkaguzi wala kwa mnunuzi. Kampuni ya bima iambiwe mapema, kwa maandishi, kwani wakati mbaya wa kuwaeleza juu ya jukwaa lako ni baada ya ajali.

Viti vikitoka, bolti zake zirudi kwenye mfuko mmoja, mfuko ufungwe kwenye kiti chenyewe, si kwenye droo ya jikoni. Kiti kifungwe kwa plastiki nzito na kisimamishwe juu ya kitu, si sakafuni pa stoo, kwa maana panya wa Nairobi wanapenda sifongo ya Toyota kuliko mahindi.